Kuni za Kuzalisha Umeme: Panda Mpakani, Patana Bei kwa Ukavu

Umeme unaotokana na mimea si mgeni Moshi. Kiwanda cha sukari cha TPC, kule Arusha Chini, huchoma makapi ya miwa na kuzalisha umeme kwa mvuke wake. Kwa hiyo mtu akija kijijini kuhamasisha kilimo cha miti ya kuni za umeme, msikilizeni. Swali la kwanza liwe: mtambo uko wapi, na usafiri analipa nani? Kuni ni mzigo mkubwa wenye thamani ndogo, na safari ndefu ya tela humeza faida yote. Kama mtambo bado ni ahadi, panda mti utakaokufaa hata usipojengwa.

Ndiyo sababu kwa mashamba ya porini, kule chini tunakolima mahindi na maharage, napendekeza gilirisidia. Ukiukata unachipua tena, unarutubisha udongo kwa naitrojeni, na majani yake yakinyaushwa mbuzi na ng'ombe huyala. Usipunguze mahindi ili kuupisha. Upande juu ya makinga maji na mpakani, baada ya kuelewana na jirani. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 255 hivi. Ukiacha mita 1 kati ya mti na mti, unapata miti kama 250. Chagua fito zilizokomaa za mita 1 hadi 1.5 na uzichimbie masika yanapoanza. Mti ukishashika vizuri, kata kwa kimo cha kiuno, mshazari, ili maji yasituame kwenye kisiki. Kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, kiacheni kilivyo.

Mkaratusi nao hukua upesi, lakini hunywa maji mengi; uweke mbali na chemchemi na mifereji. Mabingobingo mpe ng'ombe: majivu yake huyeyuka na kugandamana ndani ya tanuri.

Sasa bei, maana hapa ndipo mkulima anapoumia. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 50, ukizikausha hadi asilimia 20, zinabaki kilo 62 na nusu. Mnunuzi akilipa bei moja kwa kila kilo, aliyekausha anapunjwa na aliyeleta mbichi anapata zaidi, huku mtambo ukipoteza moto kwa kuchemsha maji. Mkataba ambao hautaji unyevu msiusaini. Tuchukulie kilo mbichi inalipwa shilingi 100: ya kuni kavu isipungue 160, na kazi ya kupasua na kuanika iongezwe juu yake. Mjadiliane mkiwa kikundi au kupitia AMCOS, chama chenu cha ushirika wa mazao, na kipimo cha unyevu kisomwe mbele ya muuzaji.

Nyumbani, pasua vipande, vipange juu ya magogo visiguse ardhi, funika juu tu, pembeni pabaki wazi upepo upite. Weka alama kwenye mzigo mmoja mdogo na uupime kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, piga simu tela lije. Na majivu yasisahaulike mkatabani: yana potasiamu na chokaa iliyotoka shambani kwenu, basi tela linalorudi tupu liyarudishe.