Kuchora Nembo ya Taifa ya Tanzania ukutani: anza na ngao, si na watu

Wachoraji wengi chipukizi huanza na Bibi na Bwana, yule mwanamke na mwanamume wanaosimama pembeni mwa ngao, kwa sababu ndio wanaovutia macho. Matokeo yake ngao inabanwa katikati na vilivyomo ndani yake havisomeki. Ngao ndiyo yenye maana nyingi. Wale wawili wamesimama pale kuitunza.

Kabla ya yote: kibali. Nembo inalindwa na Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971. Ukiitwa na mfanyabiashara anayeitaka kwenye tangazo au bidhaa yake, aonyeshe kibali cha Serikali kwanza. Asipokuwa nacho, iache kazi hiyo.

Hatua ya 1. Mstari wa katikati. Piga mstari wima kwa timazi (uzi wenye uzito mwishoni), kisha gawa ukuta kwa miraba ya penseli. Kila kitu kitapimwa kutoka mstari huo. Ngao yenyewe ni ndefu: pana kiunoni, nyembamba juu na chini.

Hatua ya 2. Sehemu nne za ngao. Hapa usiharakishe.

Juu kabisa ni rangi ya dhahabu, yaani madini ya nchi, na ndani yake Mwenge wa Uhuru unawaka. Ni ule ule uliopandishwa kilele cha Kilimanjaro tulipopata Uhuru, Desemba 1961. Miali yake ichore iwe hai.

Chini yake ni Bendera ya Taifa, na ndipo wengi wanapoharibu. Mstari mweusi unapanda: unaanza kona ya chini kushoto na kuishia kona ya juu kulia. Kijani kiko juu kushoto, bluu iko chini kulia, na kingo mbili nyembamba za njano zinaubana ule weusi. Nimeona kuta ambazo mstari unashuka. Weusi ni watu, kijani ni ardhi na mimea, bluu ni maji, njano ni madini. Ukigeuza mstari, umechora bendera nyingine.

Sehemu ya tatu ni nyekundu, udongo wenye rutuba. Jembe na shoka zimepishana, na mkuki umesimama wima. Jembe na shoka ni zana za kujenga nchi, mkuki ni wa kuilinda. Mpini wa mkuki uupitishe juu ya mstari wako wa katikati. Ukipinda kidogo tu, ngao nzima itaonekana imelala upande.

Mwisho, mawimbi ya bluu na meupe: bahari, maziwa na mito. Yachore kwa mkono bila rula.

Hatua ya 3. Pembe za ndovu na watu. Pembe mbili zinaikumbatia ngao, moja kila upande. Bwana yuko kushoto kwako unapotazama, Bibi kulia, na kila mmoja ameshika pembe. Wape urefu unaolingana. Wanasimama kwa ushirikiano, kwa hiyo mmoja asiwe mkubwa kumzidi mwenzake.

Hatua ya 4. Mlima na mazao. Wote wanasimama juu ya Kilimanjaro. Miguuni mwa Bwana kuna mkarafuu, miguuni mwa Bibi kuna mpamba. Usivichore kama majani tu. Karafuu zina vichwa vidogo vya vikonyo, pamba ina vitumba vyeupe vilivyofunguka. Mtu wa Pemba na mtu wa Shinyanga kila mmoja alitambue zao lake akiwa mbali.

Hatua ya 5. Rangi. Anza na njano na nyeupe, umalize na nyeusi. Subiri kila rangi ikauke, hasa kwenye kingo za bendera.

Hatua ya 6. Utepe wa maneno. UHURU NA UMOJA huandikwa mwisho. Usianzie kushoto, utaishiwa nafasi. UHURU ina herufi tano, UMOJA nayo tano, hivyo mstari wa katikati unapita katikati ya N na A. Andika hizo mbili kwanza, kisha panua kwenda pande zote ukifuata mkunjo wa utepe.