Kabla ya kufunga dari ya jipsamu Malindi

Anza na maji. Chumba cha chini chenye slabu wazi kikiwa na bafu juu yake, ziba tundu la sakafu ya bafu, mwaga maji yafike kina cha sentimita mbili na yakae saa 24. Kisha jaza masinki, yaachie yote kwa pamoja, na huku chini upanguse kila kiungo cha bomba kwa karatasi kavu. Ukiona doa, au unga mweupe wa chumvi kwenye saruji, usifunge hata bodi moja mpaka chanzo kipatikane. Jipsamu ikilowa hulegea na kushuka vipande.

Maungio ya nyaya yasifungiwe juu ya dari. Yahamishe au yaachie kidirisha, na chini ya kila koki vilevile. Pangaboi ndilo linalopuuzwa zaidi, na ndilo la hatari: ndoano yake ishike slabu yenyewe, kamwe si chaneli (vyuma vyembamba vinavyobeba bodi), kwani mtikiso hulegeza skrubu na watu wanalala chini yake. Piga picha mabomba yote, futi ikionekana.

Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita 20 za mraba. Bodi ya mita 1.2 kwa 2.4 hufunika 2.88; ukiongeza asilimia 10 ya vipande vinavyopotea, nunua 8. Chukua za milimita 12, kwa sababu za 9 hubonyea katikati unyevu ukizidi. Chaneli ziachane sentimita 40, bodi zikilazwa kukingama nazo, skrubu kila sentimita 20. Bodi moja ina karibu kilo 25, basi tafuta watu watatu.

Upepo wa bahari hula chuma. Skrubu nyeusi za kawaida hutoa kutu na madoa mekundu hupenya rangi; dai zilizopakwa zinki, na chaneli pia.

Dari ya boriti katika Mji Mkongwe wa Lamu, ulio kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, iache wazi. Boriti zinataka hewa, na mchwa waonekane mapema.

Kazi ipange kipindi cha kaskazi. Wakati wa masika fila, lipu laini ya kuzibia maungio ya bodi, hukawia kukauka, na mkono wa pili ukipakwa juu ya mbichi, ufa hutokea kwenye maungio.