Kabla barabara haijakatika: stoo ya jikoni kwa sisi wa Kusini

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, maji yaliikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, wilayani Kilwa, na malori yakasimama. Nyumbani kwangu Mtwara hatukulala njaa hata siku moja. Unga ulikuwemo ndani na muhogo ulikuwa shambani. Lakini kitunguu cha mwisho kilikatwa siku ya tatu, mafuta yakabaki chini ya chupa, na siku ya nne mwanangu mdogo alisukuma sahani ya ugali na maharage ya chumvi tupu akasema ameshiba, ilhali nilijua hajashiba.

Tangu wiki ile nimebadili namna ninavyoweka akiba. Wengi wetu tukiambiwa mvua zinakuja tunakimbilia kiroba cha sembe na mchele. Hivyo havikosekani. Kinachoisha kwanza ni kitoweo, kiungo, chumvi, moto. Maandalizi ya jikoni yaanzie huko, na ndiyo maana naandika haya sasa, kabla ya mvua kuanza.

Anza na kalenda. Kwetu Lindi na Mtwara mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mahindi, choroko na mbaazi huwa sokoni kwa wingi na kwa bei nafuu kipindi cha kiangazi, hasa Julai hadi Septemba. Fedha nazo, kwa nyumba nyingi zinazotegemea korosho, huja baadaye, minada ikishaanza Oktoba. Kwa hiyo nanunua mara mbili. Kiangazi nachukua vya kuvunwa, hata kwa kudunduliza kilo mbili mbili. Fedha ya korosho ikiingia nachukua vya dukani: mafuta, chumvi, sukari, mchele, viberiti, sabuni. Anayesubiri Februari atanunua vyote kwa bei ya juu, na huenda akavikuta vimepungua.

Kiasi gani? Mtu mzima hula karibu gramu 400 za nafaka au unga kwa siku, kama ndicho chakula kikuu. Nyumba ya watu 6 kwa wiki 2 inataka kama kilo 34. Kunde, mbaazi au maharage, weka gramu 60 hadi 80 kwa kila mtu kwa siku, yaani kilo 5 hadi 7 kwa wiki hizo. Mafuta, lita 2 na kidogo. Ukihifadhi unga, kumbuka dona huwahi kuchacha kuliko sembe kwa sababu kiini cha hindi kina mafuta. Mimi dona natunza ikiwa bado mahindi, nasaga kidogo kidogo.

Sasa nije kwenye jambo linaloharibu akiba nyingi kuliko yote, ambalo ni unyevu. Mwaka mmoja nilijaza ndoo ya choroko, nikafunga kifuniko vizuri, nikaisahau. Nilipofungua baada ya wiki sita, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Choroko zilikuwa na matundu kama chekecheo, na fukusi wanatambaa ukingoni. Sikuwa nimezianika vya kutosha. Nilizitoa sokoni nikazimimina moja kwa moja.

Bibi yangu wa Tandahimba asingefanya kosa hilo. Alikuwa akichukua punje ya mbaazi, anaiweka kwenye magego, anang'ata huku anasikiliza. Ikilia na kupasuka, alisema, "Hii twende nayo." Ikibonyea, gunia zima lilirudi jamvini. Kipimo kingine kizuri ni cha chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado ina maji. Ikibaki chini, unaweza kufunga.

Baada ya kuanika, acha punje zipoe kivulini kabla ya kuzitia chomboni, maana za moto hutoa jasho. Kisha jaza dumu au ndoo hadi juu kabisa, pasibaki hewa, na ukaze kifuniko. Mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: mdudu akikosa hewa hafiki mbali. Kwa mbaazi na kunde, majivu makavu yaliyochekechwa husaidia pia. Dumu lililowahi kubeba dawa ya korosho lisiguswe kwa chakula, hata liwe limeoshwa mara kumi.

Karanga na mahindi yenye ukungu tupa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Najua inauma kutupa chakula wakati wa shida. Tupa hivyohivyo, na usiwape kuku.

Muhogo nao una mambo yake, na hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu ndio bima ya kila nyumba ya Kusini. Unakaa ardhini ukikusubiri, barabara iwepo isiwepo. Lakini muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na hatari hukua hasa wakati wa uhaba, watu wanapokatisha siku za kuanika makopa kwa sababu unga unatakiwa leo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa konzo ulijitokeza huku Mtwara: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake, katika nyumba zinazokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri bila kitoweo cha maana kwa wiki nyingi. Samaki, kunde na mbaazi huupa mwili nguvu ya kuishinda sumu ile. Hapo ndipo suala la kitoweo linapotoka kwenye ladha na kuwa suala la afya.

Kuna njia rahisi ya kupunguza sumu kwenye unga, iliyotengenezwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury. Tia unga wa muhogo kwenye beseni, usawazishe, weka alama ulipofikia. Mimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukifika tena kwenye alama, acha kumimina maji. Tandaza unga huo mbichi kwenye mkeka au ungo, unene usizidi sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inapaa kama hewa. Songa bada, yaani ugali wa muhogo, siku hiyohiyo, usiulaze. Siku ya mvua kivuli cha barazani kinatosha. Njia hii ni ya unga tu. Muhogo mchungu mbichi usichemshe ukala kwa kuitegemea. Na wanaokwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa, aende anayeijua. Kuna viazi vya mwituni vinavyofanana na chakula, navyo ni sumu.

Turudi kwenye kitoweo. Ninapopanga mlo kutoka stoo, natafuta vitu vinne: cha kushibisha, cha kujenga mwili, cha kulainisha, na cha kuchachusha. Mwenye kimoja kimoja katika kila fungu anaweza kupika. Cha kushibisha ni muhogo, mahindi au mchele. Cha kujenga mwili ni mbaazi, choroko, kunde, dagaa, ng'onda (samaki mkavu wa chumvi). Cha kulainisha ni nazi, karanga, ufuta, korosho. Cha kuchachusha ni ukwaju, ndimu, au embe mbichi zilizokatwa vipande zikaanikwa wakati wa msimu wake. Chakula kinachokosa viwili vya mwisho ndicho kile alichokisukuma mwanangu.

Nazi zitunze na makumbi yake, usizifue mpaka siku ya kuzikuna, hukaa miezi. Zikiisha, korosho ipo, na nashangaa jinsi tunavyoipeleka yote mnadani na kusahau chungu. Nunua zilizobanguliwa zikavunjika, ambazo bei yake ni ndogo. Loweka kikombe kimoja kwenye maji ya moto kwa saa moja. Mwaga maji, twanga kinuni hadi mchi uanze kunasa na kwenye kinu kubaki kitu cheupe kama ugali laini. Ongeza vikombe vitatu vya maji kidogo kidogo, ukikoroga. Utapata kitu kizito kama tui la kwanza. Mimina kwenye mbaazi zilizokwisha kuiva, moto uwe mdogo, na usiondoke jikoni, kwa sababu korosho hushika chini upesi kuliko nazi. Ikianza kung'aa mafuta juu, tia maji ya ukwaju vijiko viwili na chumvi, epua. Kitunguu hakihitajiki. Kama unabangua mwenyewe nyumbani, zichome uwanjani upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali na watu, na watoto wasizichezee kabla hazijachomwa: mafuta ya ganda huunguza ngozi. Kazi hiyo ifanyike kabla ya mvua.

Siku ya tano ya ile wiki ya Hidaya, baada ya jirani yangu Mmakonde kunikumbusha jambo hili la korosho kwa kuniletea bakuli, tulikula bada na mbaazi za hivyo, na juu yake ng'onda wa kuchoma aliyechambuliwa. Sahani ya mtoto ilirudi nyeupe.

Dagaa wakavu, waliokaangwa bila mafuta na kutwangwa, wakitiwa kwenye kopo kavu hugeuka kiungo: kijiko kimoja hubadilisha kunde zilizopooza. Majani ya kunde na kisamvu huanikwa pia, kivulini ili yasipoteze rangi. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, nacho ni muhogo. Choroko na mchele hufanya mseto, chakula cha sufuria moja siku mkaa ni mdogo. Mahindi yaliyokobolewa na mbaazi hufanya makande ya siku nzima.

Ng'onda na papa waloweke, umwage maji, uloweke tena, hasa kama nyumbani kuna mtu wa presha. Chumvi yenyewe nunua yenye madini joto, ifunike vizuri, utie mwishoni mwa mapishi. Mlaji wa muhogo anaihitaji zaidi, kwa kuwa muhogo mchungu huchangia uvimbe wa tezi shingoni mahali ambapo madini hayo ni haba.

Moto. Mbaazi na maharage vilowekwe usiku kucha. Kama mkaa ni wa kuhesabu, chemsha kwa nguvu robo saa, funika, kisha ingiza sufuria kwenye kikapu kilichojaa nguo kuukuu, uzungushie blanketi, uache saa tatu au nne. Ukirudi utamalizia kwa moto kidogo. Maharage mekundu yasipikwe kwa joto la kikapu peke yake. Lazima yachemke kwanza kwa nguvu, la sivyo huumiza tumbo. Mkaa na kuni viinuliwe kutoka sakafuni. Viberiti vifungwe ndani ya mfuko wa nailoni.

Maji ya kunywa na kupikia, hesabu angalau lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 6 kwa siku 3 ni lita 90. Wenzetu wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, hawahitaji kufundishwa kuvuna maji ya bati. Sisi wa mjini ndio tunaotegemea bomba mpaka linapokauka. Ya kunywa yachemshwe, kwa sababu baada ya mafuriko visima huingiwa na uchafu.

Friji usilitegemee, maana umeme nao hukatika. Pika cha mlo mmoja. Mtoto chini ya miezi 6 chakula chake ni maziwa ya mama tu, na chakula cha mama huyo ndicho cha kulindwa kwanza. Aliyevuka umri huo, uji wake utie korosho au karanga zilizosagwa laini kabisa.

Mwisho, fanya jaribio. Chagua siku tatu za Novemba, msiende sokoni wala dukani, mpike kutoka stoo tu, na uwe na karatasi jikoni ya kuandika kila kinachokosekana. Sisi tulifanya mwaka jana. Siku ya pili tulikuta tuna nazi 11 na mbuzi ya kukunia ambayo meno yake yamekwisha kabisa. Ilipelekwa kwa fundi alasiri hiyo, na ikarudi imenolewa kabla ya mvua ya kwanza.