Makohozi yana vimelea lakini si TB: jinsi ya kutibu MAC ya mapafu

Hadubini ikionyesha vimelea na GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) ikakataa kuwa ni TB, usikimbilie dawa za TB sugu. Otesha makohozi maabara. Sampuli 2 za nyakati tofauti zikiotesha MAC (kundi la Mycobacterium avium, bakteria wa jamii moja na wa TB), na dalili pamoja na picha ya kifua zikalingana, ugonjwa umethibitika.

Asiye na mashimo kwenye mapafu hupewa mara 3 kwa wiki azithromaisini miligramu 500, rifampisini 600, na ethambutoli 25 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye mashimo humeza kila siku, ethambutoli ikishuka hadi 15 kwa kilo, na huchomwa amikasini miezi 2 hadi 3 ya mwanzo. Fuatilia masikio na figo. Azithromaisini isitumike peke yake kamwe: usugu ukizuka, nafasi ya kupona hushuka vibaya.

Ethambutoli huweza kudhuru macho, hivyo kila mwezi mwonyeshe mgonjwa rangi nyekundu na kijani, jicho mojamoja. Akizichanganya, simamisha ethambutoli siku hiyohiyo.

Miezi 12 ya tiba huhesabiwa tangu makohozi yalipoacha kuotesha, si tangu kidonge cha kwanza. Wengi hukosea hapa. Hata aliyepona aendelee kufuatiliwa, maana huweza kuambukizwa upya kutoka kwenye maji au udongo.