Sonona kali kwa mwenye bipola: namna ya kuitambua na kuiandika kwenye faili

Mgonjwa ameinama, sauti haitoki, chakula hakigusi. Wengi huandika "sonona" na kumpa amitriptilini, dawa ya sonona. Kama ana bipola (ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia), dawa hiyo ikiwa peke yake inaweza kumtoa kwenye huzuni na kumtupa kwenye mania, yaani kuchangamka kupita kiasi.

1. Anza na historia ya mania. Uliza: "Kuna kipindi ulilala kwa muda wa saa mbili tatu tu kwa usiku, ukaamka huna uchovu, unaongea mfululizo, pesa unagawa ovyo?" Ndugu naye aulizwe, akiwa peke yake ikiwezekana, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi huvihesabu vipindi hivyo kuwa siku zake nzuri. Mania hudumu angalau siku 7, hipomania (mania nyepesi) siku 4.

2. Pima ukali. ICD-10 (mwongozo wa WHO wa kuainisha magonjwa, unaotoa misimbo kama F31) inataka dalili kuu zote 3 (huzuni, kukosa hamu, kuishiwa nguvu) na nyingine zisizopungua 4: usingizi kuvurugika, kutokula, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili, kukata tamaa, kutaka kufa. Muda ni wiki 2. Alama 20 hadi 27 za PHQ-9 (dodoso la maswali 9 la kupima sonona) inaonyesha ukali, lakini haitofautishi bipola na sonona ya kawaida.

3. Uliza kuhusu kujiua, waziwazi: wazo, mpango, njia aliyonayo karibu, majaribio ya nyuma. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mwenye mpango haachwi peke yake hata kidogo. Apewe rufaa siku hiyohiyo.

4. Tafuta saikosisi, yaani kupoteza uhalisia. Anayeshikilia kwamba matumbo yake yameoza, au anayesikia sauti zikimhukumu, ni F31.5. Bila hayo ni F31.4. "Nimerogwa" peke yake haitoshi. Wengi husema hivyo wakiwa na akili timamu.

5. Tafuta chanzo kingine: pima TSH (homoni inayohusu tezi ya shingo), wingi wa damu na VVU. Uliza pombe na dawa za steroidi.

Maandishi yawe hivi:

"Bipola, sasa sonona kali bila saikosisi (F31.4). Wiki 5: huzuni kutwa, hana hamu, hana nguvu, anaamka saa 9 usiku, amepungua kilo 6, anajilaumu: 'Nimekuwa mzigo kwa mama.' Anawaza kufa, hana mpango. PHQ-9: 23. Mania 2021, alilazwa. Barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali imeonekana."

Maneno ya mgonjwa yaache kama alivyoyatamka. "Ana mawazo" haimsaidii atakayempokea.

MASWALI

Swali: Sonona imemrudia mara ya nne, niandike F33.2 (sonona inayojirudia, sasa kali bila saikosisi)?
Jibu: Ikiwa hajawahi mania wala hipomania, sawa. Akishaipata hata mara moja, ni F31.

Swali: Analia, lakini hatulii na mawazo yanakimbia.
Jibu: Fikiria kipindi mchanganyiko (dalili za sonona na mania kwa pamoja), F31.6. Mwangalie kwa karibu zaidi, kwa sababu ana huzuni ya kutaka kufa na nguvu za kutekeleza.

Swali: Anakaa mbali, nimpe lithiamu (dawa ya bipola) ya miezi miwili?
Jibu: Hapana. Lithiamu ikizidishwa inaua, na amitriptilini vilevile. Toa ya wiki moja, ndugu aitunze, na uandike jina la aliyekabidhiwa.