Kubadilisha kidhibiti volti cha MGB yenye dainamo (1962–1967)

Mwongozo huu unahusu gari za MGB zilizotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1967, ambazo hupata umeme kutoka kwa dainamo ya Lucas C40-1 na kudhibitiwa na kisanduku cha Lucas RB340, kile ambacho mafundi wengi hukiita katauti. Zilizofuata zilifungwa altaneta, na maelezo haya hayazihusu. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwenye gari aliyekuwa ameshaunguza visanduku viwili vipya kabla ya mtu yeyote kuipima dainamo yake.

Kabla ya kugusa chochote, fahamu kwamba magari haya yalitoka kiwandani ethi ikiwa ni chanya. Betri ni mbili za volti 6, ziko nyuma ya viti chini ya kifuniko cha sakafu, na waya unaofungwa kwenye bodi hutoka upande wa chanya. Wamiliki wengi wamekwisha kugeuza mfumo ukawa wa ethi hasi, kwa hiyo usiamini mwaka wa gari. Fungua kifuniko uangalie kwa macho.

Hatua ya 1: Pima dainamo kwanza

Betri inayochemka na balbu zinazoungua ovyo ni dalili za kidhibiti kibovu au ethi mbovu, lakini taa nyekundu ya chaji isiyozimika inaweza kusababishwa na kidhibiti, dainamo, waya au mkanda wa feni uliolegea. Kaza mkanda, kisha chomoa nyaya zote mbili za dainamo, ule mnene wa D na ule mwembamba wa F, na uunganishe vituo hivyo viwili kwa kipande kifupi cha waya. Weka ncha moja ya mita kwenye kipande hicho na nyingine kwenye mwili wa dainamo, washa injini, kisha ongeza mwendo polepole hadi karibu mizunguko 1,000 kwa dakika. Volti zinatakiwa zipande haraka bila kurukaruka, na usiziruhusu zipite 20, kwa sababu katika hali hii hakuna kinachoizuia dainamo. Mita isiposoma kitu, kagua kaboni (brashi zinazogusa sehemu inayozunguka). Ikisoma kati ya nusu volti na volti moja, koili za sumaku zina hitilafu. Ikisoma karibu nusu ya volti za mfumo, shuku amecha, yaani sehemu yenye koili inayozunguka ndani ya dainamo. Dainamo ikiwa nzima, acha kile kipande mahali pake, rudisha nyaya, na upime tena kwenye ncha zake za upande wa kisanduku zikiwa zimechomolewa, maana waya uliokatika ndani ya ganda lake hauonekani kwa nje; ukimaliza, kiondoe kipande hicho.

Kwa kazi hii ninatumia mita ya mshale na ninaisisitiza. Platini za kidhibiti, yaani vipande vidogo vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme, hufunguka na kufunga mfululizo, na mita ya tarakimu hubabaika hapo, ilhali mshale hutulia kwenye wastani.

Hatua ya 2: Ondoa kisanduku cha zamani

Tenganisha betri kwenye waya wa ethi. Kisanduku kipo kwenye ubavu wa kulia ndani ya boneti, karibu na fyuzi. Andika lebo kwenye kila waya, B (betri), D (umeme wa dainamo), F (koili za sumaku), WL (taa ya chaji) na E (ethi), kwa kuwa baada ya miaka hii yote rangi zimefifia na kahawia zote zinafanana. Chomoa, fungua skrubu, toa.

Hatua ya 3: Funga kipya

Kisanduku cha platini hufanya kazi kwa ethi ya chanya au ya hasi, lakini cha kielektroniki hutengenezwa kwa ajili ya upande mmoja tu, na ukikosea kitakufa mara moja. Hakikisha pia kinalingana na ampea 22 za C40-1. Mimi huchagua cha platini, kwa sababu kinaweza kurekebishwa na kusafishwa mahali popote.

Piga msasa sehemu ambayo waya wa E unafungwa kwenye bodi hadi chuma king'ae. Koili inayopima volti hutegemea ethi hiyo. Ikikosekana, kidhibiti hakioni volti zinazopanda, na dainamo huzidi kuchaji hadi iungue.

Hatua ya 4: Ipe dainamo mwelekeo wake

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, na ndipo vile visanduku viwili vilipofia. Dainamo huanza kuzalisha umeme kwa usumaku mdogo unaobaki ndani ya chuma chake, na usumaku huo una mwelekeo. Dainamo iliyofanyiwa ukarabati, iliyokaa sana bila kuzunguka, au iliyotoka kwenye gari lenye ethi ya upande mwingine inaweza kuwa imeupoteza au imeugeuza. Ile ya hatua ya kwanza inaweza kupima vizuri kabisa na bado ikawa imegeuka: angalia mshale wa mita ulielekea upande gani. Ikiunganishwa hivyo, umeme wake hukutana na wa betri kinyume, na platini za katauti huungua au kugandana.

Rudisha waya wa ethi wa betri, injini ikiwa imezimwa. Chomoa waya wa F kwenye kisanduku, na usiache hatua hii, kwa kuwa ukiuacha umechomekwa umeme utapita kwenye platini kuelekea D na kuziharibu. Kisha gusisha ncha ya waya huo kwenye kituo cha B kwa muda mfupi, mara mbili au tatu. Cheche ndogo ya bluu itaonekana, na hiyo ndiyo ishara kwamba umeme umepita kwenye koili za sumaku. Rudisha F. Ukigeuza ethi ya gari siku za usoni, rudia hatua hii kabla ya kuwasha injini.

Hatua ya 5: Hakiki volti

Chomoa nyaya za B na uziunganishe zenyewe kwa zenyewe, ukizifunika zisiguse bodi, ili injini iendelee kupata umeme. Pima kati ya D na E huku injini ikizunguka kati ya 1,500 na 2,000. Katika joto la nyuzi 20 tarajia volti 14.5 hadi 15.5, na pungufu kidogo penye joto zaidi. Maliza ndani ya nusu dakika, kwani koili ikipata moto usomaji hubadilika. Ukilazimika kurekebisha, geuza gurudumu la koili ya volti kidogo sana, na koili ya ampea usiiguse.

Zima injini, rudisha nyaya za B, na uwashe tena. Taa nyekundu inatakiwa izimike mara tu injini inapopanda juu ya silensa, yaani mwendo wake bila kukanyaga mafuta. Ikimulika kidogo kwenye silensa usiku taa kubwa zikiwa zimewashwa, dainamo haina ubovu, ndivyo ilivyo kwa mwendo huo mdogo.