Nairobi hadi New York: piga hesabu ya saa kabla ya kufunga sanduku

Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, ni kama kilomita 11,800. Ndege kubwa huenda kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo ukigawanya utapata saa 13 na dakika chache. Usiishike hesabu hiyo. Kwenda huchukua karibu saa 15 na kurudi kama 14, kwa sababu upepo mkali wa huko juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: unapokwenda unakabiliana nao, unaporudi wenyewe hukusukuma. Na hapo nasema safari ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways ilianzisha Oktoba 2018. Ukipitia Doha au Amsterdam, ongeza muda wa kungoja huko. Nauli ikiwa nafuu kupita kiasi, angalia kwanza utangoja saa ngapi. Mara nyingi siri iko hapo.

Tarehe ndiyo huponza watu. Tiketi ikiandikwa Jumanne 00:25, yaani usiku wa kuamkia Jumanne, toka nyumbani Jumatatu jioni. Ukijitokeza Jumanne usiku, wenzako watakuwa wameshafika New York, wameoga na kulala.

Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa 8 wakati wa baridi yao, na 7 kuanzia Machi hadi mapema Novemba, maana wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Ukiruka saa sita usiku mwezi Januari, utatua yapata saa moja asubuhi siku hiyo hiyo, ilhali mwilini mwako ni saa tisa alasiri. Anayekuja kukupokea mpe saa za kwao. Na usipange mkutano wa maana siku hiyo.

Fika uwanjani muda wa saa tatu kabla ya ndege kuruka. Foleni ya Mombasa Road, njia ya kwenda uwanjani, jioni haina huruma, na langoni mtashuka garini mkaguliwe kwa miguu huku dereva akipita na gari.

Sasa mizigo. Shangazi akikupa pakiti ya unga umpelekee binamu, itie kwenye sanduku kubwa: kwa safari za Marekani, vitu vya ungaunga vinavyozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi huleta ukaguzi wa ziada. Nyama iache nyumbani, hata iliyokaushwa, na chakula chochote ulichobeba kitaje forodhani. Pawabenki hukaa mkononi, kamwe si sandukuni.

Kukaa saa 15 huvimbisha miguu na huweza kugandisha damu, basi inuka utembee, unywe maji. Mjamzito, au aliyewahi kuganda damu, amwone daktari mapema. Vivyo hivyo anayemeza dawa kila siku saa mbili asubuhi: azibebe mkononi, na aulize akiwa bado Nairobi azimeze kwa saa za wapi.